Malkia aliyelikimbia taji, na jina lake likaishia kuchuuzwa sokoni

MSICHANA anayebatizwa Audrey, awe wa Nairobi, London au kwingineko, hupewa jina fupi, laini na jepesi kutamka. Ni nadra mzazi anayelichagua kufahamu kwamba ndani ya herufi hizo sita mmejificha jina jingine, refu na zito, alilopewa binti wa mfalme yapata miaka 1,400 iliyopita.

Jina hilo ni Æthelthryth, ambalo Kilatini cha kanisa kililigeuza kuwa Etheldreda. Aliyelibeba aliolewa mara mbili, akawa malkia, akalitupa taji, akavaa shela la utawa na kujenga monasteri kisiwani. Baada ya kufa aliheshimiwa kuliko karibu watakatifu wengine wote wa kike waliozaliwa katika nchi hiyo.

Ajabu ni kwamba jina hilo hilo ndilo lililozaa neno tawdry, ambalo Waingereza hulitumia kukidharau kitu cha bei rahisi chenye mng'aro wa uongo. Namna jina la heshima lilivyotumbukia katika dharau ni kisa kinachoanzia shingoni mwa mwanamke mmoja na kumalizikia kwenye vibanda vya wachuuzi.

Katika Kiingereza cha kale, majina ya watu wa tabaka la juu yaliundwa kwa kuunganisha maneno mawili. Neno la kwanza katika jina hili, æthel, lilimaanisha ubora wa nasaba, yaani kuzaliwa katika ukoo wa kiungwana. La pili, thryth, lilimaanisha nguvu au uwezo. Jina zima basi lilibeba maana ya nguvu ya kiungwana.

Matamshi yake huwatatiza wageni wengi, lakini si lazima yamtatize mzungumzaji wa Kiswahili. Sauti ya katikati ya æthel ni ile ya dh katika dhahabu, nayo thryth huanza na kuishia kwa sauti ya th kama ilivyo katika thamani. Waandishi wa zama hizo walikuwa na herufi maalumu za sauti hizo, ambazo Waingereza waliziacha baadaye.

Majina hayo hayakuchaguliwa ovyo. Sehemu moja ya jina ilirudiwa kutoka ndugu hadi ndugu, ili anayelisikia atambue mara moja kwamba wahusika ni wa damu moja. Dada mkubwa wa Æthelthryth aliitwa Seaxburh, na mwingine Æthelburh. Seaxburh na Æthelburh waligawana kiishio cha burh, chenye maana ya ngome, ilhali Æthelburh na Æthelthryth waligawana neno la uungwana.

Baba yao alikuwa Anna, mfalme wa East Anglia, mashariki mwa Uingereza ya leo. Msomaji asishangae: ingawa leo Anna ni jina la kike, mfalme huyo alikuwa mwanamume na mpiganaji. Alikuwa mwana wa Eni, nduguye Mfalme Rædwald, ambaye wataalamu wengi wanaamini ndiye aliyezikwa ndani ya merikebu pamoja na hazina kubwa ya dhahabu pale Sutton Hoo, hazina iliyofukuliwa mwaka wa 1939.

Æthelthryth alizaliwa katika miaka ya 630. Enzi hizo hapakuwa na nchi moja iliyoitwa Uingereza. Palikuwa na falme ndogo ndogo zilizoviziana, na Ukristo ulikuwa bado mche mchanga. Mfalme aliyebatizwa leo angeweza kurithiwa kesho na mwana aliyerudia miungu ya mababu.

Katika mazingira hayo, binti wa mfalme alikuwa daraja. Aliozwa ili ugomvi utulizwe, mpaka ulindwe au muungano upatikane. Seaxburh aliolewa na Earconberht, mfalme wa Kent. Æthelburh alivuka bahari hadi Ufaransa, ambako alikuja kuongoza monasteri ya Faremoutiers. Zamu ya Æthelthryth nayo ilikuwa inakuja.

Mume wake wa kwanza aliitwa Tondberht, kiongozi wa watu walioitwa Gyrwe wa Kusini. Watu hao waliishi kando ya nyanda za vinamasi zilizotenganisha East Anglia na falme za bara. Walifunga ndoa mnamo mwaka wa 652 au karibu na hapo, lakini Tondberht alifariki muda mfupi baadaye. Mapokeo ya Ely yanasema kuwa kabla ya kufa alikuwa amempa mkewe kisiwa cha Ely kama mali yake ya ndoa.

Masaibu hayakuja peke yake. Karibu na wakati huo huo, mwaka wa 653 au 654, Mfalme Anna aliuawa vitani na majeshi ya Penda, mfalme wa Mercia aliyekuwa bado hajaukubali Ukristo. Binti aliyekuwa na mume na baba akabaki bila mume wala baba.

Maandishi yanaeleza kuwa alitamani kuishi maisha ya sala akiwa bikira, kwani hata ndoa ile ya kwanza haikuwa imevunja azma hiyo. Ila matakwa ya mjane kijana hayakuwa na uzito mbele ya mahitaji ya ukoo. Mnamo mwaka wa 660 alipelekwa kaskazini kuolewa na Ecgfrith, mwana wa Mfalme Oswiu wa Northumbria, dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote kisiwani wakati huo.

Bwana harusi alikuwa mvulana wa miaka 15 hivi. Bibi harusi alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 20, mjane aliyekwisha kuonja uchungu wa msiba. Kwa miaka kadhaa tofauti hiyo ya umri yamkini ilimsaidia kuishika ahadi yake. Hata hivyo, mvulana hukua, na mwaka wa 670 Oswiu alipofariki Ecgfrith akakalia kiti cha enzi. Mfalme anahitaji mrithi, naye malkia hakuwa tayari kumpa.

Hapo ndipo anapoingia Wilfrid, askofu wa York, mtu mwenye elimu, ulimi mwepesi na tamaa kubwa ya kulijenga kanisa. Malkia alimwamini sana, kiasi cha kumpa ardhi ya Hexham, ambako askofu huyo alijenga kanisa la mawe lililosifiwa kuwa halina mfano upande huu wa milima ya Alps. Chumba cha chini ya ardhi cha kanisa hilo kipo hadi leo.

Mfalme aliujua urafiki huo, akaona afadhali autumie. Miaka mingi baadaye Wilfrid alimsimulia mtawa na mwanahistoria Bede kwamba Ecgfrith aliahidi kumpa mashamba na mali nyingi endapo angemshawishi malkia aishi na mumewe kama wake wengine wanavyoishi. Mfalme alifahamu kuwa hapakuwa na mwanamume ambaye malkia alimheshimu kumshinda askofu huyo.

Wilfrid hakumshawishi. Badala yake alimtia moyo katika nadhiri yake, jambo lililomweka pabaya kati ya mfalme na malkia. Baada ya miaka 12 ya ndoa hiyo, na baada ya maombi ya muda mrefu, Ecgfrith alikubali shingo upande kumwachilia mkewe.

Wapo wanahistoria wa siku hizi wanaoitazama habari hii kwa jicho la tahadhari. Wanakumbusha kuwa ndoa ya kifalme isiyo na mtoto ilikuwa mzigo kwa pande zote mbili, na kwamba kumruhusu malkia aingie utawani kulimpa mfalme nafasi ya kuoa tena bila aibu. Yawezekana hayo nayo yalikuwamo. Lakini Bede, aliyeandika baada ya wahusika kufa, anasema alijihangaisha kumhoji shahidi aliyekuwa karibu zaidi, kwa sababu hata katika zama zake palikuwa na waliotilia shaka.

Mnamo mwaka wa 672 Æthelthryth aliingia monasteri ya Coldingham, kwenye majabali ya pwani ya kusini mashariki mwa Scotland ya leo. Aliyeiongoza ni Æbbe, shangazi yake mfalme mwenyewe, na aliyemvisha shela la utawa ni Wilfrid. Malkia wa dola kubwa akawa mwanafunzi wa utawa chini ya wifi wa mama mkwe wake.

Hakukaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Hekaya zilizoandikwa Ely karne tano baadaye zinadai kuwa mfalme alijuta, akapanda farasi kwenda kumrudisha. Zinasimulia kuwa malkia na wanawake wawili aliofuatana nao walipanda kilele cha jabali, bahari ikajaa ikawazunguka kwa siku saba hadi mfalme akakata tamaa. Zinaongeza kuwa njiani alipumzika akaichomeka fimbo yake ardhini, na alipoamka akaikuta imechipua majani.

Hayo ya maji na fimbo ni ya wasimulizi. La hakika ni kwamba alisafiri zaidi ya kilomita 400 kuelekea kusini, akarejea katika eneo la watu wake, na mwaka wa 673 akaanzisha monasteri kwenye kisiwa cha Ely.

Ely ya siku hizo ilikuwa kisiwa kweli kweli. Ilikuwa ardhi iliyoinuka kidogo katikati ya maji, matete na vinamasi, isiyofikika ila kwa mashua au na mwenyeji aliyezijua njia. Bede anaeleza kuwa eneo hilo lilitosha kaya 600, na kwamba jina lake lilitokana na mikunga, samaki warefu mithili ya nyoka waliojaa katika maji yake. Ardhi haikukaushwa kwa mifereji mikubwa hadi karne ya 17.

Monasteri yake ilikuwa ya watawa wa kiume na wa kike, ikiongozwa na mwanamke. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida katika karne ya saba. Uliwapa wanawake wa nasaba za kifalme mamlaka ambayo hawangeyapata kwingineko: waliongoza wanaume, walisimamia mashamba na kupokea wageni wa ngazi za juu. Kwa Æthelthryth, kulitupa taji hakukuwa kuupoteza uongozi. Kulikuwa kuupata ule aliouchagua mwenyewe.

Aliuongoza kwa kujinyima. Tangu aingie utawani hakuvaa kitani tena bali sufu tu, vazi gumu la watu wa kawaida. Hakula zaidi ya mlo mmoja kwa siku ila kwenye sikukuu kubwa au alipolazimika. Baada ya sala ya usiku wa manane wenzake waliporudi kulala, yeye alibaki kanisani akiomba hadi alfajiri, isipokuwa alipougua.

Hata maji ya moto aliyaona anasa. Aliyaoga mara chache, hasa kabla ya Epifania, Pasaka na Pentekoste. Tena aliyeoga wa mwisho alikuwa yeye, baada ya kuwahudumia na kuwaosha watawa wengine kwanza pamoja na wasaidizi wake. Binti wa mfalme aliyezoea kunawishwa alikuwa sasa ndiye anayewanawisha wengine.

Aliishi hivyo kwa takriban miaka saba. Tauni ilipoingia Ely, iliwachukua watawa kadhaa. Inasemekana alikuwa ametabiri kuja kwake na hata idadi ya watakaofariki, akijihesabu miongoni mwao.

Ugonjwa wake ulianza kwa uvimbe mkubwa chini ya taya. Tabibu mmoja aitwaye Cynefrith aliitwa, akaupasua ili usaha utoke. Kwa siku mbili mgonjwa alipata nafuu, na wengi wakatumaini kuwa angepona. Siku ya tatu maumivu yalirudi kwa kishindo, akaaga dunia. Ilikuwa tarehe 23 Juni, mwaka wa 679.

Kabla ya kufa alikuwa ameupokea uvimbe ule kwa namna iliyowashangaza waliomuuguza. Aliwaeleza kwamba alistahili kuumia shingoni, kwa kuwa shingo hiyo ndiyo aliyoipamba ujanani kwa mikufu ya thamani isiyokuwa na haja. Sasa, alisema, badala ya dhahabu na lulu alikuwa amevalishwa wekundu na joto la jipu, na aliuona huo kuwa msamaha wa ubatili wake wa zamani.

Mikufu aliyoizungumzia haikuwa hadithi. Makaburi ya wanawake wa tabaka lake yamewapa wachimbuzi wa mambo ya kale vito vya dhahabu vilivyopambwa kwa mawe mekundu. Mwaka wa 2011, huko Trumpington karibu na Cambridge, walipata kaburi la msichana wa miaka 16 hivi wa karne hiyo hiyo ya saba, aliyelazwa juu ya kitanda akiwa na msalaba mdogo wa dhahabu na mawe mekundu. Mahali hapo si mbali na Ely.

Kwa amri yake mwenyewe, Æthelthryth alizikwa kwenye jeneza la mbao, katika mstari wa makaburi ya watawa wenzake, kila mmoja kwa zamu yake ya kufa. Hakutaka kaburi la kifalme.

Aliyemrithi ni Seaxburh, dada yake, ambaye sasa alikuwa mjane wa mfalme wa Kent. Miaka 16 baada ya mazishi, yaani mwaka wa 695, Seaxburh aliamua mifupa ya mdogo wake ifukuliwe, iwekwe katika jeneza jipya na kuhamishiwa ndani ya kanisa.

Tatizo lilikuwa jiwe. Ely haikuwa na mawe makubwa ya kuchonga. Baadhi ya ndugu watawa walitumwa kwa mashua kutafuta, wakafika kwenye magofu ya mji mdogo ulioachwa tangu enzi za Warumi, katika eneo la Cambridge ya leo. Kando ya kuta walikuta jeneza la marumaru nyeupe, limechongwa kwa ustadi na lina kifuniko kilichokaa sawasawa. Wakamshukuru Mungu, wakarudi nalo.

Hema lilisimamishwa juu ya kaburi. Watawa wakasimama kulizunguka wakiimba, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, huku Seaxburh akiingia ndani na wachache. Ghafla sauti yake ilisikika ikipaazwa kwa mshangao. Mwili wa mdogo wake, wanavyosimulia walioshuhudia, ulikuwa haujaoza, kana kwamba amelala.

Cynefrith, yule tabibu, alikuwapo. Alionyeshwa shingo aliyoipasua kwa mkono wake. Jeraha lililokuwa wazi siku ya mazishi lilikuwa limefunga, pamebaki kovu jembamba tu. Ushahidi wake ndio ambao Bede aliunukuu zaidi katika kitabu chake cha historia ya kanisa alichokamilisha mwaka wa 731. Humo aliingiza pia utenzi wa Kilatini alioutunga mwenyewe kumsifu malkia huyo.

Mwili uliogeshwa, ukavikwa mavazi mapya na kulazwa ndani ya marumaru. Watu walistaajabu kwamba jeneza lililookotwa magofuni lilimtosha kana kwamba lilichongwa kwa ajili yake, hata mahali pa kichwa.

Ecgfrith hakuyaona hayo. Alikuwa ameoa tena, akamchukua Iurminburh kuwa malkia, na mwaka wa 678 akamfukuza Wilfrid kutoka jimbo lake. Tarehe 20 Mei mwaka wa 685 aliwaongoza wapiganaji wake dhidi ya Wapikti huko kaskazini, akauawa na jeshi lake kuangamizwa. Alikufa bila mtoto wa kumrithi, licha ya ndoa ya pili. Leo wengi wanaolitaja jina lake hulitaja kama mume wa mwanamke aliyemkataa.

Jina la mkewe ndilo lililoendelea kukua. Mapokeo yanasema kuwa maharamia kutoka Denmark waliiteketeza monasteri yake mwaka wa 870. Askofu Æthelwold wa Winchester aliifufua mwaka wa 970 kwa msaada wa Mfalme Edgar, safari hii ikiwa ya watawa wa kiume peke yao. Mashamba yalizidi kumiminika, yote yakihesabiwa kuwa mali ya mtakatifu.

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka wa 1066, Ely ilikuwa miongoni mwa ngome za mwisho za upinzani. Hereward na wenzake walijificha katika vinamasi vyake hadi mwaka wa 1071, William Mshindi alipofanikiwa kuingia. Hata hivyo, sensa kubwa ya mali ya mwaka wa 1086 ilionyesha kuwa Ely ilikuwa ya pili kwa utajiri kati ya monasteri zote za nchi, nyuma ya Glastonbury pekee.

Watawala wapya walikuja na majina yao: William, Robert, Richard, Matilda, Alice. Wazazi Waingereza, kama watu wa kila nchi iliyotawaliwa, walianza kuwapa watoto wao majina ya wenye nguvu. Ndani ya vizazi vichache majina marefu ya Kiingereza cha kale yalikuwa yamekauka kama majani ya kiangazi. Yaliyosalia ni machache, aghalabu ya wafalme na watakatifu waliokuwa bado wakiheshimiwa, mathalani Edward, Edith na Mildred.

Æthelthryth alisalia kwa sababu mahujaji hawakuacha kuja. Ila jina lenyewe halikusalia jinsi lilivyokuwa. Makasisi waliliandika Etheldreda katika Kilatini chao. Watu wa kawaida, ambao ndimi zao zilikuwa zimezoea Kifaransa na Kiingereza kilichochanganyika, walilisaga na kulipunguza hadi likawa Audrey. Sauti mbili za th alizoitwa nazo na mamake zikapotea.

Ujenzi wa kanisa kubwa linaloonekana Ely hadi leo ulianza mwaka wa 1083. Tarehe 17 Oktoba mwaka wa 1106 jeneza lake lilihamishiwa humo, na siku hiyo ikawa sikukuu yake ya pili. Mnara wa katikati ulipoanguka mwaka wa 1322, mafundi waliujengea mahali pake mnara wa pembe nane ambao husifiwa kuwa miongoni mwa maajabu ya ujenzi wa zama hizo. Kwenye nguzo zake wamechonga matukio ya maisha ya malkia huyo, kuanzia ndoa hadi mazishi.

Palipo na mahujaji hapakosi wachuuzi. Sikukuu ya Oktoba ilifuatana na soko la kila mwaka lililojulikana kama soko la Mtakatifu Audrey. Bidhaa iliyonunuliwa sana ilikuwa utepe wa hariri wa kufunga shingoni, pengine kwa kumbukumbu ya ugonjwa ule wa shingo. Mahujaji walirudi nao nyumbani kama ukumbusho.

Katika Kiingereza, neno la mtakatifu, saint, huishia na sauti ya t. Likitamkwa haraka pamoja na Audrey, t hiyo huruka na kulishika jina la mbele. Hivyo ndivyo Saint Audrey alivyogeuka kuwa tawdry midomoni mwa watu, na utepe wake ukapewa jina hilo.

Mwanzoni neno hilo halikuwa tusi. Hata mabibi wenye uwezo waliuvaa utepe huo katika karne ya 16. Mtunzi William Shakespeare aliutaja katika tamthilia ya The Winter's Tale kama zawadi anayoitarajia msichana wa shamba kutoka kwa mchumba. Katika As You Like It, jina Audrey lenyewe alimpa mchunga mbuzi asiye na elimu. Jina la nguvu ya kiungwana lilikuwa limefika zizini.

Wafanyabiashara walizidi kutengeneza tepe hafifu za rangi za kuvutia macho kwa wanunuzi wasio na fedha nyingi, na neno likashuka pamoja na bidhaa. Kufikia miaka ya 1670, tawdry lilikuwa tayari linatumika kwa chochote chenye urembo wa bei ya chini na fahari ya uongo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kilichokuwa kikijitembeza sasa kilikuwa kimevaa jina la mwanamke aliyeukana urembo.

Wakati huo kaburi lake lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Mfalme Henry wa Nane alizifunga monasteri, ile ya Ely mwaka wa 1539, na mwaka wa 1541 Askofu Thomas Goodrich akaamuru makaburi ya watakatifu na sanamu zao zibomolewe. Palipokuwa na marumaru nyeupe leo pana bamba la jiwe sakafuni, mbele ya altare kuu, linaloonyesha mahali alipolazwa.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Katika karne ya 19 Waingereza walianza kuyapenda tena majina ya mababu zao. Etheldreda likafufuliwa na baadhi ya familia, ingawa limebaki nadra hadi leo. Nusu yake ya kwanza ilijitenga ikawa Ethel, lililopata umaarufu mkubwa mwishoni mwa karne hiyo. Audrey nalo likavuma katika karne ya 20.

Aliyelipa mng'aro mpya kuliko wote ni mwigizaji Audrey Hepburn, aliyezaliwa Brussels mwaka wa 1929. Baada ya kutamba kwenye sinema, alitumia miaka yake ya mwisho akiwa balozi wa shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF. Alizuru Ethiopia wakati wa njaa mwaka wa 1988, na Somalia mwaka wa 1992, miezi michache kabla ya kifo chake mnamo Januari 1993.

Mwanamke huyo aliyesifiwa duniani kote kwa urembo na mavazi alionekana mara ya mwisho kambini akiwa na nguo za kawaida, amewapakata watoto wenye njaa. Huenda hakuwahi kumfikiria somo wake wa karne ya saba aliyewaosha watawa wenzake kabla ya kuoga mwenyewe.

Huko Ely, kanisa lingali linaonekana kutoka mbali juu ya nyanda ambazo zamani zilikuwa maji. Waumini humkumbuka mwanzilishi wake mara mbili kwa mwaka, tarehe 23 Juni aliyofariki na tarehe 17 Oktoba aliyohamishwa kaburi. Humo ndani wanamwita kwa jina la Etheldreda. Nje, katika kamusi, utepe wake ungali unadharauliwa.